Maji ya Ukutani

Upepo wa mchanga uitwao khamsini uliwapiga saa tano asubuhi, na ulipotulia alasiri ngamia wawili hawakuwepo tena. Walikuwa wamekata kamba na kukimbilia kusini, viriba vitatu vya maji vikiwa mgongoni. Wa tatu alilala chini ya genge, shingo imevunjika. Alipoanguka alimburura Karari juu ya mawe, na sasa goti la kulia la Karari lilikuwa limevimba kama boga.

Karari alikuwa Mwababda, wa kabila la jangwa lililo mashariki ya mji wa Edfu, mwongoza njia tangu ndevu hazijamwota. Alijikokota hadi kwenye mizigo ya ngamia aliyekufa. Kiriba cha nne kilikuwa pale. Akakinyanyua, na mkono ukapanda juu upesi mno.

"Siti," aliita. "Maji ya hiki yameenda wapi?"

Henrike Tiedemann, mwanamke Mjerumani mwenye pua iliyobabuka kwa jua, aliacha kukung'uta mchanga nywelini.

"Ukutani," alisema.

Siku nne walikuwa kwenye hekalu dogo lililochongwa ndani ya mwamba. Mumewe, Konrad, alianza kuuchora ukuta wa ndani mwaka uliopita, akafika theluthi mbili, homa ikamuua mjini Esna. Kwenye dari palikuwa na ufa unaoingia ngumi. Mjane alikuja kumaliza theluthi iliyobaki, na kwa kuwa hakuuamini mkono wake kama alivyouamini wa mumewe, alitumia karatasi. Unalowanisha karatasi nene, unaibandika juu ya michongo, unaigonga kwa brashi mpaka iingie kila mkwaruzo. Ikikauka unaibandua, na ukuta umeubeba. Lakini kisima cha hekalu kilijaa mchanga. Kwa hiyo alfajiri ile, Karari alipokwenda malishoni kuwaleta ngamia, Henrike alifungua kiriba.

"Nilidhani vitatu vinatutosha mpaka mtoni."

"Vingetosha, kama ngamia wangekuwa hawana miguu." Karari alikitikisa kiriba. Kilitoa sauti ndogo. "Umeyanywesha mawe, Siti. Na mawe hayajawahi kumwambia mtu ahsante."

"Nigombeze, Sheikh Karari. Ninastahili."

"Nikugombeze kwa mate yapi? Maji yakimwagika hayazoleki. Twende." Alinyoosha fimbo kuelekea magharibi. "Mto uko kule. Mtu mzima wa miguu, siku moja. Mimi na goti hili, mbili."

Henrike aliinama, akachukua mkebe mrefu wa bati. Ndani mlikuwa na karatasi ya ukuta, ameikunja mbichi na kuifunga kwa kitambaa cha nta mbingu ilipogeuka njano.

"Acha hiyo, nzito."

"Si nzito kuliko wewe," alisema, akaliingiza bega lake chini ya kwapa la Karari.

Walitembea mpaka giza, wakalala, wakatembea tena kabla ya kupambazuka. Waliweka kokoto chini ya ulimi. Goti la Karari lilikataa kukunjika, basi akawa anautupa mguu mbele kama gogo. Kwao, mwongoza njia hanywi kabla ya mgeni. Kila waliposimama Henrike alikunywa, kisha Karari aliinua kiriba, akachezesha koo, akakifunga.

Njiani Karari alimfikiria Konrad. Mzungu yule alikuwa akiimba vibaya na kucheka vizuri. Aliwahi kumwambia, "Nikikawia, mfikishe mke wangu anakotaka kwenda." Siku aliyokufa, Karari alikuwa soko la ngamia, na hakutia hata ukufi wa udongo kaburini. Hilo lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Jua la adhuhuri lilimwangusha Karari chini ya mgunga mmoja usio na majani. Henrike alikikamua kiriba. Hakikutoa hata tone. Akautazama ulimi wa Karari, mweusi, umepasuka.

"Mara ya mwisho umekunywa lini?"

"Jana."

"Jana gani?"

Karari alifumba macho. "Ile ya kabla ya upepo."

"Mjinga wewe."

"Mjinga mwenye mgeni aliye hai."

Kisha akasikia mkebe ukifunguliwa. Alijaribu kuinuka kwa kiwiko.

"Siti, usifanye. Hiyo ni kazi ya Konrad."

"Huu ni ukuta tu. Konrad yuko Esna." Akaitoa karatasi.

Karatasi ilikuwa imelowa bado, nzito kama nguo ya kufuliwa. Karari aliona juu yake bawa la kipanga, kila unyoya umesimama, kisha vidole vya Henrike vikaliminya likawa uji. Maji ya kijivu yalidondoka ndani ya kikombe cha kahawa. Alimsogezea mdomoni. Karari akageuza uso.

"Mgeni kwanza."

Henrike alilowesha midomo. "Haya, nimekunywa."

"Uongo huujui, Siti."

Alimeza funda la kweli, akikunja uso. Ndipo Karari akanywa. Yalikuwa na ladha ya vumbi na matambara.

"Kumbe yanazoleka," alinong'ona.

Vilitoka vikombe vinne na nusu. Vilitosha kufika jioni kwenye bonde walikosikia mbuzi wakilia. Wanawake wa Kiababda walikuwa wakichoma makaa, na mmoja, binamu yake mwenye mdomo, alipiga kelele kutoka mbali:

"Karari! Umetuolea Mzungu?"

"Sijaoa! Leta maji, halafu unicheke!"

Aliletewa maji, akampa Henrike kwanza.

Majira ya baridi yaliyofuata, Karari alikwenda Edfu akichechemea, kumpa Henrike habari aliyoichelewesha siku tatu. Dari la hekalu lilianguka. Ukuta haupo.

Henrike hakulia. Alikunjua mchoro wa Konrad mezani: theluthi mbili zimejaa wafalme na ndege, theluthi moja nyeupe. Chini ya ule weupe palikuwa na mistari michache ya maandishi ya Henrike.

"Umeandika nini hapo?"

"Kwa nini ni peupe. Kwamba maji ya sehemu hii aliyanywa Karari, rafiki wa mchoraji."

Karari aliiangalia karatasi ile. Aliweka kiganja chake juu ya weupe, taratibu, kama mtu anayetia udongo kaburini, akakiacha hapo.

"Ongeza," alisema baadaye, "kwamba yalikuwa mabaya sana."

Henrike alicheka huku akichovya kalamu, akaongeza.