Pete ya Mjane

Jua lilikuwa limeshazama, na fundi saa alikuwa ameshazima taa moja kati ya mbili za duka lake. Safari iliyombakia ilikuwa fupi: avuke barabara, anunue mkate na maziwa, awahi nyumbani kumpikia mumewe mzamiaji, ambaye akitoka majini hula kama aliyefunguliwa jela. Mkoba ulikuwa begani, ufunguo mkononi.

Hapo ndipo aliposikia harufu.

Tope. Si tope la mvua... tope la chini kabisa, lile ambalo halijawahi kuonana na jua. Aliijua harufu hiyo. Mumewe alikuja nayo nyumbani kwenye nywele kila alipotoka bwawani, na yeye humfukuza akaoge kwanza ndipo asogee karibu. Akageuka akitabasamu, akidhani mumewe, Chura kama wote walivyomwita kwa kupenda maji, amewahi kumaliza kazi.

Hakuwa Chura. Alikuwa bibi kizee amesimama mlangoni, mkavu, nadhifu, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo.

"Shikamoo, bibi. Nilikuwa nafunga."

"Marahaba, mwanangu. Sitakuweka. Kuna mtu ananisubiri."

Fundi hakuwa mtu wa kumrudisha mzee mlangoni. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akafungua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na saa ya mkono. Aliigeuza, na alipoona nyangumi aliyechorwa mgongoni, moyo ukamruka kwa furaha, kama unavyowaruka mafundi wakiona kitu ambacho wamekisikia tu kwa masimulizi.

Sasa, lazima nikueleze kidogo habari za Nyangumi, maana bila hizo utamwona fundi huyu ni mwoga wa bure.

Nyangumi ni ukoo wa saa za wazamiaji, saa za bei ya kumfanya mtu mzima ameze mate. Wa kwanza katika ukoo huo alikuwa mdogo, uso mweusi, mishale inayong'aa gizani, na alivuja. Wa pili hakuvuja hata tone. Alitiwa ufunguo kwa mkono kila asubuhi, kwa kuzungusha kibonye cha ubavuni, na juu ya kioo alikuwa na pete ya kuzungushwa. Mzamiaji akiingia majini huizungusha pete mpaka kitone chake kikae mbele ya mshale wa dakika. Kuanzia hapo pete ndiyo inayomwambia amekaa chini muda gani na hewa imebaki kiasi gani. Jambo la akili sana. Ila pete ya wa pili ilizunguka pande zote mbili. Mtu akijigonga ukutani, pete ikasogea mbele kidogo tu, saa humwambia ndiyo kwanza ameingia, kumbe hewa imekwisha. Wazamiaji waliipa jina haraka. Waliiita Mjane.

Kiwanda kikaziita zote zirudi kwa mafundi zibadilishwe pete, na pete za zamani zivunjwe. Nyangumi wa tatu alikuja na pete inayozunguka upande mmoja, ule wa kumpunguzia mtu muda na si wa kumwongezea, tena akawa anajijaza mwenyewe kwa mkono wa mvaaji kutikisika. Hakuna haja ya ufunguo. Waliofuata ni wa madini mepesi na rangi za maua, na wengi wao wamevaliwa na watu ambao maji marefu waliyowahi kuyaingia ni ya bafuni.

Saa iliyokuwa mezani ilikuwa Mjane. Imesimama. Na haikuwa na pete.

"Pete yake iko wapi, bibi?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

Fundi akacheka kidogo, akavaa lenzi jichoni. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Si ajabu, saa kuukuu huingia unyevu. Akaisogeza karibu na taa. Ukungu ukafifia... ukaisha. Kisha ukarudi. Ukaisha. Ukarudi.

Ulikuwa unakuja na kuondoka kama pumzi ya mtu aliyelala.

Akaivua lenzi.

"Saa hii ilikuja hapa zamani," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Nililetewa na waliomtoa mume wangu bwawani, nami nikaileta kwa baba yako. Akaitoa pete, akasema kiwanda kimeagiza ivunjwe. Aliivunja?"

Marehemu baba wa fundi hakuwahi kuvunja wala kutupa kitu. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vipuri vya saa zilizokufa, na pete ile ilikuwa humo. Aliikuta mwenyewe, mwaka alioolewa, alipokuwa akimtengenezea Chura zawadi ya harusi: mwili wa Nyangumi wa tatu, mishale mipya, kioo kipya. Pete halali ya wa tatu alikuwa nayo mezani, mpya, inameremeta kama sahani ya plastiki. Lakini ile ya kwenye kopo... ilikuwa ya samawati, ikapaushwa na miaka mpaka ikawa rangi ya moshi. Mafundi wote wanajua hakuna rangi nzuri kama ile, na haitengenezwi, hungojewa. Iliingia mahali pake bila kulazimishwa. Akajiambia Chura ana msimamizi juu ya ukuta wa bwawa mwenye saa yake na simu ya majini, pete itamdhuru nini? Ni urembo tu. Yeye, fundi mtoto wa fundi, anayejua kwa nini pete zile zilivunjwa, aliivika kwenye mkono wa mzamiaji kwa sababu ilipendeza.

"Iko mkononi kwa mume wako," bibi akasema. "Na mume wako yuko chini."

"Bibi, unataka nini?"

"Mume wangu alipewa dakika ambazo hazikuwepo. Pete ilimwonyesha, naye akaziamini. Mpaka leo anazingojea."

Fundi alikuwa ameshaishika simu. Ililia mara moja tu, ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya msimamizi kulikuwa na watu wanakimbia juu ya saruji.

"Shemeji, nilikuwa nakupigia." Alikuwa anahema. "Tunabishana na Chura hapa. Saa yangu inasema muda umekwisha, atoke. Yeye anasema ya kwake inaonyesha ndiyo kwanza ameingia. Mara ya kwanza nilidhani ananitania."

"Mvute! Mvuteni kwa kamba!"

"Kamba imenasa kwenye vyuma vya kuzuia takataka. Tunamvalisha mwenzake mitungi amfuate. Shemeji..." Akashusha sauti. "Anaongea na mtu huko chini. Namsikia anamwambia mtu, subiri, tusitoke bado. Na hakuna mtu mwingine majini."

Fundi akaiweka simu juu ya meza, ikiwa wazi. Akakaa.

Taa iliyobaki ilikuwa inawaka vizuri. Nje, watu walikuwa wanapita na mizigo yao ya jioni, mmoja anacheka kwa sauti. Dunia nzima iko palepale, na wewe unaona kabisa kwamba mumeo anakufa. Fundi alimwogopa bibi yule kwa woga ambao hakuwahi kuuonja maishani, na hata hivyo alimshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, laini, kama uliolowekwa kutwa.

"Nisaidie. Nakuomba."

"Itie saa yangu ufunguo," bibi akanong'ona. "Nimejaribu mwenyewe miaka yote, kibonye hakizunguki. Kitazunguka kwa mkono ulioitumia pete. Itie ufunguo, na mmoja atapanda."

*Mmoja.*

Alilisikia neno hilo vizuri. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakulisikia. Lakini simu ilikuwa wazi juu ya meza, na ndani yake msimamizi alikuwa akiita, "Chura! Chura, nijibu! Chura!"

Hakuuliza yupi.

Akashika kibonye kwa vidole viwili, akazungusha. Krr. Krr. Krr. Kilizunguka kilaini kabisa, kama kilichotiwa mafuta asubuhi. Ndani ya saa kitu kikashtuka...

Tik. Tik. Tik.

Ukungu ukaondoka kwenye kioo wote kwa pamoja.

"Katoka!" Msimamizi alikuwa analia na kucheka. "Shemeji, katoka! Kamba imejiachia yenyewe! Mzima!"

Fundi akaangua kilio palepale juu ya meza, kati ya vibanio na skrubu. Alipoinua uso, bibi alikuwa ameshasimama mlangoni, anajitengeneza nguo begani kwa vidole, kama msichana anayesikia hodi aliyoingojea.

"Saa yako, bibi."

"Baki nayo. Mimi sina kazi nayo tena."

Fundi hakununua mkate wala maziwa. Alikimbia mpaka nyumbani, na gari la kazini lilipomshusha Chura mlangoni alimrukia hata kabla hajaoga, tope lake na yote. Akamlilia kifuani. Akamwambia tumeiaga hiyo kazi, kuanzia kesho utauza maandazi, sijali. Alitegemea atacheka. Chura alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa akimwita Tiktaki tangu siku ya kwanza alipomletea saa, na hakuwahi kumwita jina jingine, hata mbele ya wakwe.

Mume akampapasa mgongo polepole, kwa adabu.

"Asante, fundi," akasema.

Kachoka, fundi akajiambia. Maskini, kaona mauti. Akajiambia hivyo hivyo alipomwona amesimama sebuleni anatazama kuta, anangoja aambiwe akae wapi. Akajiambia hivyo alipouliza choo kiko upande gani. Usiku alilala akiwa amempa mgongo, na alipumua kidogokidogo, kwa kubana, kama mtu anayeitunza hewa.

Asubuhi, kabla jua halijachomoza sawasawa, kuna sauti ilimwamsha.

Krr. Krr. Krr.

Mume alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameivua saa yake, ameishika karibu na sikio, anazungusha kibonye kwa vidole viwili huku midomo inahesabu. Nyangumi wa tatu. Saa ambayo hujijaza yenyewe. Chura hakuwahi kuitia ufunguo hata siku moja. Alikuwa akijisifia kwamba saa yake inajilisha, si kama mume wa mtu.

Mikono ile ilikuwa na mazoea ya miaka.

Mtu yule akamtazama fundi, na machoni pake kulikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko yote. Akachokonoa pete kwa ukucha mpaka ikatoka, akaiweka mezani pembeni ya kitanda.

"Hii ni yako sasa," akasema. "Nashukuru kwa malazi."

Akavaa viatu, akatoka. Kutoka dirishani fundi alimwona akivuka barabara. Upande wa pili bibi kizee alikuwa anamsubiri, nguo mpya, uso umeng'aa. Akamshika mkono. Wakaenda zao taratibu, wakiongea kama watu walioachana jana tu.

Mtaani hawakukosa la kusema. Walisema Chura kamwacha mke kijana kafuata kikongwe, bila shaka kuna nyumba ya urithi. Msimamizi alikuja kumpa pole, akasema wanaume hawana maana. Fundi aliwaitikia wote.

Maana yeye siku ile alikwenda dukani moja kwa moja, na Mjane ilikuwa bado iko mezani alipoiacha. Mishale ilikuwa inakwenda kwa uchovu. Akavaa lenzi.

Kioo kilikuwa na ukungu.

Ukaja... ukaondoka. Ukaja... ukakwama kidogo mwishoni, kwa mkoromo mfupi, kisha ukaondoka. Alikuwa amelala pembeni ya pumzi ile tangu alipoolewa. Alikuwa ameipiga viwiko, ameifunika shuka, ameilalamikia kwa mama yake. Angeijua popote.

Akaitia ufunguo haraka, na pumzi ikakaa sawa.

Tangu hapo haijasimama. Kila asubuhi anaitia ufunguo kabla hajanywa hata maji. Haugui, hasafiri, halali msibani. Jioni akifunga duka hukaa nayo chini ya ile taa moja, anaisimulia habari za mchana, na wapitanjia wakichungulia huona mwanamke anatazama saa, basi.

Juzi, magharibi ikiingia, alikuja mteja. Mzamiaji mcheshi, sauti kubwa, na kwenye simu yake picha ya mke na mtoto mchanga. Alileta Nyangumi wa tatu, kuukuu lakini nzima, isipokuwa pete iliyovunjika. Fundi alikwisha kuvuta droo ya pete mpya mteja aliponyoosha kidole kwenye rafu ya nyuma.

"Hiyo ya rangi ya moshi ni ya nani? Haki ya Mungu, sijaona pete nzuri kama hiyo. Niwekee hiyo, fundi."

Mfukoni mwa fundi saa ilikuwa inagonga taratibu. Alijua droo ilikuwa wazi, alijua pete halali ziko mle ndani, zimepangwa, zinameremeta. Alijua vizuri kabisa.

Akaifunga droo.

"Unazama lini?" akauliza.