Moshi Uliopanda Wima

Saa moja kasorobo asubuhi, fundi cherehani mzee alikutwa amekufa kitandani, dirisha likiwa wazi na shuka limejaa masizi. Bonde zima lilikuwa likikohoa. Kufikia saa tatu mfyatua matofali alikuwa mahabusu, maana tanuri lake liko hapo hapo bondeni na lilikutwa bado lina joto. Aliapa kwamba moto ulizimika juzi, na kwamba matofali hukaa na joto siku tatu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, watu walisema.

Mpelelezi hakutulia. Mama huyu alipewa hadi saa sita mchana amshtaki au amwachie, na mke wa mshukiwa alikuwa kwenye benchi nje, anazungusha pete tu.

Shahidi mkuu alikuwa mpima hewa wa bonde. Kazi yake ni kutazama hewa saa kumi na moja alfajiri na, ikiwa nzito, kukipigia simu kiwanda cha mbao kilichoko mteremkoni kisichome maranda. Daftari lake lilisema: shwari, nyuzi kumi na mbili, moshi unapanda wima. Alieleza kwamba moshi wa kiwanda ulikwenda zake juu, basi uliobaki bondeni ni wa tanuri.

Mpelelezi alipanda kilimani, kwenye tangi la maji, penye kipimajoto kinachojiandikia chenyewe. Saa tano na nusu alirudi kwa mpima hewa, viatu tope tupu.

"Kaka, alfajiri kilimani palikuwa na nyuzi kumi na tisa. Juu joto, chini baridi. Hewa imefunikwa kama sufuria. Moshi haupandi hapo, unateremka na baridi na kujilaza bondeni. Huo wa wima uliuona wapi?"

Mpima hewa alitaja ukungu, akataja macho yake mabovu. Mpelelezi alimuuliza alifika kazini saa ngapi.

"Saa mbili, afande. Kiwanda sikukipigia simu. Daftari niliandika jana jioni. Sisi wote hujaza jioni, asubuhi hewa huwa ileile."

"Na mfyatua matofali?"

"Nilipoona maiti inatolewa, niliogopa. Nikahitaji moshi wa mtu."

Saa sita kasoro dakika tano mfyatua matofali aliachiwa. Mke wake aliinuka kwenye benchi, akilia kwa aibu.

"Nisamehe, baba watoto. Hata mimi nilidhani ni wewe."

Mumewe alivaa mkanda aliorudishiwa, taratibu, tundu kwa tundu, kisha akamwambia atangulie nyumbani.