Kidole Kisichosikia Moto

Tochi ilimfia Dokta Jenista Mbonile siku ambayo askari thelathini walikuwa wamemkalia mlangoni.

Mwaka huo wa themanini na moja, Tunduma palikuwa na kila kitu isipokuwa kile unachokitafuta. Malori yalisimama yakitazama Zambia, wanawake walipita na sabuni za magendo wamezibeba migongoni kama vichanga, na kila mtu alikuwa na shemeji upande wa pili wa mpaka. Jenista alilikata zogo hilo kwa haraka: koti jeupe juu ya gauni la kitenge cha njano, viatu vya raizoni vyenye soli nene vikimpa kimo ambacho Mungu alikisahau.

"Betri nimebadilisha, bado haiwaki," alimwambia Mwanamvita, muuza chapati.

"Mpelekee Rubeni, mwanangu. Pale redio tatu zinapogombana. Ila usimchekee, hatafanya kazi."

Rubeni Siame, kijana wa Ndalambo, alikuwa na afro nene na shati la mikono mirefu hata jua la saa sita. Aliipokea tochi, akaitikisa sikioni.

"Hii ya mwizi au ya mlinzi?"

"Ya daktari. Namulikia macho ya watu."

"Anza na yangu basi. Tangu uingie yanawasha."

"Ndugu, nina askari thelathini wananisubiri."

"Aa, dada! Undugu tuuache kwenye mikutano ya chama."

Jenista alicheka, akajilaumu kwa kucheka. Alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya serikali Mbeya. Mara moja kwa mwezi Landrova ilimleta Tunduma kuwaona waliorudi kutoka vita vya Kagera: vichwa visivyolala, miguu inayoburuta, mikono iliyosahau kazi.

"Haijafa hii," Rubeni alisema, ameshaifungua. "Waya umebanwa hapa shingoni. Ungekuwa umeungua ningekuambia utupe. Uliobanwa unaachiliwa tu, unapona."

Akachukua chuma cha moto cha kuungia waya, akainama huku akiendelea na utani wake. Jenista alisikia harufu ya nyama. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimelala juu ya chuma chenye moto, nacho kikitoa moshi, na mwenyewe anacheka.

"Kidole chako!"

Rubeni alikitoa polepole, kama mtu aliyekumbushwa kufunga dirisha. "Mafundi hatusikii moto, dada. Mazoea."

Jenista alikuwa ameshaona nyama ilivyobonyea kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Na moyo wake, ambao haukuulizwa, ulikuwa umeshaona mengine.

Siri ya Rubeni ilikuwa ndogo ila nzito. Naye alikuwa Kagera, mtu wa redio za jeshi, na kipande cha bomu kilimpasua kiwiko. Kovu alilificha chini ya shati refu, ganzi akaificha chini ya maneno. Nani atampa redio yake fundi mwenye mkono uliokufa? Siku za kliniki alipita njia ya nyuma, asije akaitwa na wenzake.

Mapenzi yalienda kwa simu. Kila Jumatatu Rubeni alisimama Posta akapiga kelele hadi Mbeya.

"Haloo! Dokta! Tochi inaendeleaje?"

"Inawaka vizuri. Fundi je?"

"Fundi ndiye kazimika!"

"Mwambie unampenda," watu wa foleni walilalamika nyuma yake, "na sisi tupige zetu!"

"Umewasikia, Jeni?"

"Nimewasikia. Wewe sijakusikia bado."

Mwezi wa tatu tangu tochi ipone, wakiwa kwenye benchi la Mwanamvita na chai mbele yao, Jenista alisema, "Fumba macho. Lete mkono."

Kwa ncha ya kidole akaandika kwenye kiganja cha kulia.

"Tatu," Rubeni alisema, meno yote nje.

Akaandika cha kushoto, ukingoni, upande wa kidole cha mwisho. Rubeni alingoja. Hakuja mdudu wala upepo. Akakisia kiume.

"Umeandika unanipenda."

Alikuwa ameandika nne. Jenista alicheka, lakini chapati yake haikuisha. Alitaka kumwambia palepale. Angemwambiaje mtu ambaye uso wake ulikuwa umewaka namna ile?

Siku hiyohiyo alasiri Rubeni alijitazama kwenye kioo cha lori la watu, akachana afro, akaenda kliniki kwa mara ya kwanza ili ampeleke mpenzi wake kituo cha Landrova. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, sajini mmoja mwenye masharubu amefumba macho, na Jenista anamwandika kiganjani.

"Ngapi hiyo?"

"Saba, Dokta."

Akafuata mwingine. Fumba macho, lete mkono. Kisha mwingine tena. Wivu ungekuwa nafuu. Wivu Rubeni aliujua. Hiki kilikuwa kitu kingine.

Jenista alimkuta nje ameegemea ukuta.

"Kumbe nilikuwa kwenye foleni bila kujua," Rubeni alisema. "Mimi wa ngapi leo?"

"Rubeni, nisikilize. Ule mkono..."

"Mkono wangu mzima! Nilidhani napendwa, kumbe napimwa."

"Na wewe ulidhani nitapenda mtu na kovu lake nisilione? Miezi mitatu unanificha!"

"Rudi kwa wagonjwa wako, ndugu Daktari."

Neno *ndugu* likaenda kumchoma pale pale alipokusudia. Alijuta kabla hajafika dukani, lakini mwanamume akishatembea hatua ishirini kwa hasira, nyingine ishirini na moja huziongeza kwa aibu.

Jumatatu hakupiga simu. Jumatatu ya pili ikaja simu ya maandishi, telegramu kutoka Mbeya: WAYA HAUJAUNGUA UMEBANWA KIWIKONI MPASUAJI YUPO MBEYA HADI MWISHO WA MWEZI UJAO UKICHELEWA WAYA UTAKUFA JENISTA.

Rubeni aliikunja, akaiweka chini ya redio mbovu. Skrubu zikawa zinamdondoka. Ufunguo aliouweka kati ya vidole ulianguka kama umeviogopa.

Mwanamvita alimletea chai asubuhi moja, kikombe cha bati amekizungushia kitambaa. Rubeni alikipokea kwa mkono wa kushoto, kitambaa kikabaki kwa Mwanamvita.

"Rubeni."

"Naam, mama."

"Kikombe hicho mimi sikiwezi, na hii mikono inageuza chapati tangu kabla ya uhuru. Tazama kidole chako."

Ukingo wa kidole cha mwisho ulikuwa umeanza kuvimba lengelenge. Rubeni alikitazama kama cha mtu mwingine.

"Mtoto wa watu kakuandika mkononi, hukusikia," Mwanamvita alisema. "Kakuandika kwenye karatasi, husikii pia? Hapo si mkono tena uliokufa, mwanangu. Ni kichwa."

Siku ya kliniki, wa mwisho kwenye foleni alikuwa mtu mwenye afro, mkanda wa jeshi kiunoni, shati la mikono mifupi. Kovu lote nje. Askari walimtazama, wakasogea kumpa nafasi kwenye benchi bila kuuliza kitu.

Jenista aliinua macho kutoka kwenye kadi. Kalamu ikasimama.

"Jina?"

"Rubeni Siame. Nilikuwa mtu wa redio. Kidole cha mwisho na cha pili yake havisikii, tangu Kagera. Nimechelewa, Dokta?"

"Bado." Kisha akageuka. "Lusubilo! Njoo umpime huyu wewe."

Lusubilo, mganga msaidizi wake, akatoka chumba cha dawa. Rubeni akanywea.

"Hata kunishika hutaki, Jeni?"

"Mgonjwa wangu siwezi kuolewa naye," Jenista alisema, akiipanga kadi ambayo ilikuwa imepangika tayari. "Chagua mwenyewe. Niwe daktari wako, au..."

"Lusubilo!" Rubeni aliruka akamshika mwenzake mabega. "Kaka yangu, nipime! Nipime haraka kabla hajaghairi!"

Benchi zima la askari lilipasuka kwa kicheko. Sajini mwenye masharubu akauliza kama ng'ombe wa mahari wa kupeleka Ileje, kwa kina Dokta, wameshapatikana.

Rubeni alipasuliwa wiki iliyofuata. Mshipa wa fahamu hauna haraka. Hurudi taratibu kama mkulima kutoka shamba la mbali. Mvua zilikuja zikaondoka. Posa ilipanda milima ya Ileje hadi Ikinga, mzee Mbonile akaikataa mara ya kwanza kwa adabu, akaikubali mara ya pili kwa furaha.

Jumapili moja baada ya harusi, kwenye benchi lilelile, Mwanamvita akijifanya anakanda unga, Jenista alisema, "Fumba macho. Lete wa kushoto."

Aliandika ukingoni, upande wa kidole cha mwisho, taratibu. Utani wote ulikuwa umemtoka Rubeni usoni.

"Hiyo si namba," alisema.

"Si namba."

"Andika tena."

"Hukusikia?"

"Nimesikia, mke wangu. Andika tena."