Makao ya Mama Wengi

Siku ya mishahara, duka lile kubwa huwa halina pa kutia unyayo. Foleni zilikuwa zimefika mpaka kwenye rafu za sabuni, vitoroli vinagongana, mtoto analilia biskuti, na mashine za kusoma bei zinalia pi-pi-pi bila kupumzika. Kwenye kaunta ya mwisho alikaa dada mmoja ambaye wenzake walimwita Keshia, kana kwamba wao walikuwa na kazi nyingine. Alivaa sare ya kijani iliyomkaa vizuri, nywele amezibana kwa kitambaa cha njano, na usoni alikuwa na lile tabasamu la kazini lisilofika machoni. Siku hiyo halikufika hata mashavuni. Chini ya kaunta, kati ya miguu yake, palikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa taulo, na ndani ya kikapu alikuwamo mbwa.

Usimcheke. Mtu akibanwa hufanya lolote. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, alifuga mbwa wadogo wa kuuza miaka nenda miaka rudi, na mzazi mkuu wa ua ule alikuwa huyu mdogo mweupe mwenye masikio ya kuning'inia. Alizaa, akazaa, mpaka akapewa jina la Mama Wengi. Uzazi wake wa mwisho uliishia kwenye upasuaji, na daktari wa mifugo akasema wazi: akishika mimba nyingine, hatapona. Sasa magoti ya Shangazi yalikuwa yamegoma, naye amehamia kwa mwanawe ghorofani, ambako mbwa hawaruhusiwi. Mbwa wengine waligombaniwa. Mama Wengi peke yake ndiye aliyebaki, maana kila mnunuzi alitaka mtoto, hakuna aliyetaka bibi. Keshia alimwapia Shangazi kwamba atamtafutia makao mema, kwa mtu ambaye hatamzalisha tena. Akampeleka kwanza chumbani kwake, na asubuhi ile mama mwenye nyumba akamweleza bila kumung'unya maneno: mbwa atoke, au watoke wote wawili.

"Samahani, dada yangu," alisema mteja aliyefika mbele yake. "Glavu yangu imeingia chini ya kaunta yako. Imeingia yenyewe, kwa miguu minne."

Keshia akainua macho. Alikuwa mwanaume mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, vipande vya sponji vimemganda kwenye nywele. Kaunta aliijaza nyuzi, gundi na glavu moja ya kazi. Nyingine ilikuwa kikapuni, imekumbatiwa.

"Kaka, nakuomba," Keshia alinong'ona, "nyamaza tu."

"Ninyamaze wakati nimeibiwa?"

"Nitakupa nyingine. Nitakupa mbili!"

Kumbe meneja alikuwa nyuma yao. Meneja wa duka lile alikuwa na pua ya kunusa matatizo, na leo ilifanya kazi yake sawasawa. Akafunua taulo. Mama Wengi akamtazama kwa upole mkubwa, glavu mdomoni.

"Mbwa? Dukani kwangu? Huyu ni wa nani?"

Keshia aliiona kazi yake ikiondoka hivi hivi anaitazama.

"Wangu," akasema yule mwanaume. "Samahani sana, bosi. Ana mapepe huyu, amenitoroka akaingia humu."

Meneja akamwangalia mwenye mapepe, ambaye wakati huo alikuwa anapiga miayo. "Na kikapu?"

"Hatoki bila kikapu. Ndiyo malezi mabaya hayo."

Akalipa, akabeba kikapu, akaondoka zake, Keshia akabaki na foleni yake. Ilikuwa baada ya wateja kadhaa ndipo akili ilipomrudia: mbwa wa Shangazi amechukuliwa na mtu asiyemjua hata jina! Ulipofika muda wa mapumziko alitoka mbio, kitambaa cha njano kimemlegea.

Alimkuta nje, kwenye ukuta mfupi wa maegesho, Mama Wengi kamlalia mapajani.

"Ulidhani nimemwiba?"

"Nilidhani umemtupa."

"Mtu anatupaje kitu kilichomlalia hivi? Mguu umeshakufa ganzi, nimeogopa kuusogeza nisimwamshe."

Keshia akacheka, akakaa, akajikuta amemweleza yote. Mwanaume alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa fundi makochi. Ana nyumba yenye ua, karakana nyuma, na ndani ya nyumba, alisema, kuna mtu mmoja tu, naye ameanza kuongea peke yake.

"Una mke?" Keshia akauliza.

"Hilo ni swali la mbwa au la kwako?"

"La mbwa," alijibu haraka mno. "Na sikiliza, Fundi. Huyu asizalishwe. Hata siku moja. Nitakuwa nakuja kukagua."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Basi karibu, Mkaguzi," akasema Fundi, na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina jingine.

Jumapili ya kwanza Keshia alikagua kweli: maji, chakula, uzio, mahali pa kulala. Mama Wengi, aliyezoea kuishi bandani, aliogopa sakafu ya vigae, aliogopa redio, akakataa katakata kupanda kochi, na hapo ni nyumbani kwa fundi makochi! Jumapili ya tatu alikuwa amelala juu ya kochi la mteja, miguu juu. Jumapili ya nne Keshia alikuja na gauni la maua na hereni ndefu, akakagua ua kwa dakika moja, halafu akakaa kunywa chai mpaka jua likageuka.

Simu nazo zikaanza. "Mkaguzi, kuna dharura. Mbwa wako amekukumbuka."

"Amekwambia?"

"Anaona haya, amenituma mimi."

"Mwambie na mimi nimemkumbuka."

"Nimwambie yeye, au nibaki nalo mwenyewe?"

"Kata simu, wewe, nina wateja!" Lakini siku nzima wateja wa kaunta ya mwisho walihudumiwa kwa tabasamu lililofika machoni.

Siku moja Fundi alipiga, sauti haina utani. Mama Wengi alikuwa anatoka damu kidogo. Keshia akamtuliza: hajaumwa, yuko kwenye joto. "Mfungie ndani, mpenzi. Dume lisimsogelee. Jirani yako ana dume, nimeliona. Akinenepa kidogo, daktari atamfunga kizazi, tupumzike."

"Hatasogelewa hata na upepo," Fundi akaapa. Halafu akauliza taratibu, "Umeniita nani?"

Keshia akakata simu, uso unamuwaka, akabaki kucheka peke yake stoo kati ya maboksi ya maziwa.

Wiki kadhaa zikapita hivyo, mapenzi yanakolea. Kisha duka likafungua tawi upande wa pili wa mji na Keshia akapelekwa kuwafundisha wafanyakazi wapya. Jumapili tatu mfululizo hakutokea. Waliongea kwa simu tu, na Fundi alipomwambia kwamba bibi amenenepa siku hizi, Keshia alifurahi.

Jumapili ya nne alirudi moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare, midomo ameipaka rangi, mkononi ana keki. Akafika karakanani, na keki nusura imdondoke.

Mama Wengi alikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa ameparua vipande vya sponji akajitengenezea tundu, na ndani yake amepanga vimito vidogo vitatu vya makochi, vile vya kuwaonyesha wateja. Alivilamba kimoja kimoja. Tumbo limejaa, chuchu zimevimba, na Keshia alipomgusa, tone la maziwa likamlowesha kidole. Yeye aliyekulia katika ua wa mbwa hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameliona hilo tangu utotoni.

"Fundi," alisema, sauti imekuwa nyembamba. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena? Vile vimito kachukua mwenyewe, nimemwachia."

"Ana mimba! Mbwa ana mimba, karibu azae!"

Fundi akasimama, sindano kubwa mkononi. "Haiwezekani. Alikuwa ndani muda wote."

"Na lile dume la jirani?"

"Lilitoboa uzio mara moja, ndiyo. Nikaziba siku ile ile. Halikumfikia."

"Lilitoboa uzio, na hukuniambia!" Machozi yalimtoka. "Jambo moja tu nilikuomba. Moja! Atakufa huyu, unajua? Atakufa kwa sababu nilikuamini. Au ulitaka watoto wa kuuza?"

Fundi alinywea kama aliyepigwa kofi. "Hilo umelisema wewe," akasema polepole. "Sikiliza kwanza..."

"Nimesikiliza vya kutosha."

Akambeba mbwa, akamtia kikapuni, akatoka. Mama Wengi alilia njia nzima, shingo ameigeuzia nyuma. Fundi alipiga simu, akapiga tena, Keshia akaizima simu yake. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa na hasira?

Usiku ule walilala kwa Shangazi ghorofani, kwa kujificha. Mbwa hakula. Aliparua godoro, akalia, akautafuta mlango. Asubuhi shangazi mtu, magoti na yote, alikuwa wa kwanza kuingia kwenye teksi. Daktari wa mifugo alimweka Mama Wengi mezani, akampapasa, akampitishia kile kifaa cha kutazamia tumboni. Akatazama tena. Keshia alikuwa ameushika mkono wa Shangazi kwa nguvu.

"Hamna kitu," akasema daktari.

"Wamekufa?"

"Hawajawahi kuwepo. Hii ni mimba ya uongo. Mbwa jike akipita kwenye joto bila kupandwa, mwili wake wakati mwingine unajidanganya. Tumbo linajaa, maziwa yanakuja, anachukua kiatu au mdoli anakifanya mtoto. Itapita yenyewe, na ikipita, mleteni tumfunge kizazi. Mzima kabisa huyu."

"Lakini miaka yote nimeishi nao," Keshia akasema, "sijawahi kuona kitu kama hicho."

Daktari akamgeukia Shangazi, naye Shangazi akatazama sakafu. "Angeona wapi?" akasema yule mama kwa sauti ndogo. "Kwangu kila joto lilikuwa na mimba yake. Sikuwahi kumwacha hata mmoja apumzike." Akampapasa Mama Wengi kichwani kwa muda mrefu. "Tulichokijua sisi ni kuzaa tu, mwanangu."

Kisha akajifuta macho, akamkazia mpwa wake. "Na yule kijana wa makochi uliyemtukana jana?"

"Nimemkosea, Shangazi."

"Basi kazi unayo."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alifika mapema. Keshia aliwasha simu, akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Alituma ujumbe, akaufuta, akatuma mwingine, kimya. Aliona wazi alichokipoteza: kwenye ua ule kulikuwa na makao ya mbwa na makao yake pia, na yote mawili alikuwa ameyabomoa kwa mdomo wake mwenyewe. Hakubadilisha nguo, hakupaka rangi midomoni. Alibeba kikapu, akaenda.

Fundi alikuwa anapigilia misumari kwenye kiti. Hakuinua kichwa. Mama Wengi aliruka kutoka kikapuni, akakimbia, yule asiyekimbia, moja kwa moja hadi chini ya meza. Vimito vitatu vilikuwa vimepangwa vile vile. Akavizungushia mwili, akashusha pumzi.

"Hukuvitoa," Keshia akasema.

"Si vyangu."

"Hana mimba, Fundi. Ni ya uongo, daktari kasema. Hukufanya kosa lolote. Mimi ndiye niliyekosa."

Nyundo ikasimama. "Najua sikufanya kosa. Nilikwambia."

"Ulinambia."

"Unajua kilichoniuma? Si kunishuku. Uzio kweli ulitobolewa, nami nilinyamaza nisikutie wasiwasi. Hilo ni langu. Lakini ulisema nataka watoto wa kuuza. Hukuuliza, ulihukumu. Ungeniuliza tu, Mkaguzi. Mtu akikupenda, unamuuliza."

Keshia alisikia neno moja katika hayo yote: akikupenda. Akakaa juu ya kiti kisichokuwa na kitambaa bado, misumari nusu, na hakujali.

"Nisamehe. Nimekukosea sana, na sina cha kujitetea."

Fundi alimtazama, sare ya kijani imekunjamana, manyoya ya mbwa kifuani, macho mekundu. "Nimekusamehe tangu ulipoingia," akasema. "Nilikuwa nasubiri kujua kama utakuja na maneno au na kikapu tu. Mbwa kwao ni hapa. Hilo lisikusumbue tena."

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

Keshia akapiga moyo konde. "Umesema niulize. Basi nauliza. Utanioa?"

Nyundo ilianguka. Mama Wengi akabweka mara moja chini ya meza kwa kuamshiwa watoto.

"Wewe!" Fundi alisema, mikono kichwani, sponji kwenye nywele. "Hilo swali nilikuwa naliandaa mimi! Nimelifanyia mazoezi wiki nzima, mbele ya mbwa!"

"Umechelewa, laazizi. Jibu."

"Nitakuoa."

"Hukusita hata kidogo?"

"Nisite, uondoke tena na kikapu?"

Alimvuta kutoka kwenye kile kiti, taratibu, kwa sababu gauni la sare lilikuwa limenasa kwenye msumari, na walipoanza kulinasua, wote wawili walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja.