Sahani ya Jumapili

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika asubuhi ile ya Jumamosi. Huyu anataka misumari, yule rangi, mwingine kitasa, na muuzaji mmoja tu aliwahudumia wote kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia. Kwenye kaunta ilikuwa imebaki tochi moja ndogo ya chuma. Mikono miwili iliishika kwa wakati mmoja. Mmoja ulikuwa mpana, wenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Mwingine ulikuwa mwembamba, safi kama umetoka kuoshwa sasa hivi.

"Dada, mimi nimetangulia," alisema mwenye mkono mpana.

"Macho yangu yalitangulia mkono wako."

"Macho hayabebi kitu. Mimi fundi bomba, kutwa nalala chini ya masinki ya watu. Wewe tochi ya nini?"

Msichana alisita. Alivaa gauni la kijani lenye vifungo mpaka shingoni, na nywele alizibana nyuma bila unywele mmoja kutoroka.

"Kwetu umeme unakatika," alijibu.

Umeme wa kwao ulikuwa mzima. Tochi aliihitaji ili kumulika nyuma ya majokofu na chini ya makabati, kwa kuwa alikuwa afisa afya, mkaguzi wa mikahawa. Lakini alikwisha kuchoka kuitaja kazi hiyo. Akiitaja, watu hubadilika. Harusini humkalisha meza ya mbali kabisa na jiko. Kijana wa mwisho kumchumbia alimletea maua siku ya Ijumaa, na Jumatatu akamwomba asikague kiwanda cha mikate cha kaka yake. Maua yalirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Fundi aliiachia tochi. "Haya, chukua. Ila nipe namba yako. Siku nikikosa mwanga nikupigie uje unimulikie."

Msichana alicheka mpaka watu wa nyuma wakaguna. Namba aliitoa. Tangu siku hiyo kijana alimwita msichana Tochi, naye msichana akamwita Fundi, na majina hayo yakawatosha.

Miezi minne ilipita hivyo, kwa simu za mchana na matembezi ya jioni. Kazi yake Tochi alisema ni "ya ofisini, mafaili tu." Kila wiki alijiahidi kusema ukweli, na kila wiki aliogopa kuuharibu wema aliopewa.

Ijumaa moja simu iliita.

"Tochi wangu, kesho na kesho kutwa sina kazi. Simu ya wateja nimeizima. Tutakula na kutembea mpaka viatu vilalamike."

"Viatu vyako au vyangu?"

"Vyako. Vyangu vimezoea shida."

Jumamosi Fundi alitokea na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono yake ikasimama. Tochi alivaa gauni la manjano na viatu vya chini, kama aliyekubali changamoto. Walianza kutafuta chai. Kwenye mkahawa wa kwanza, wenye viti vyekundu, Tochi alisimama mlangoni, akaangalia sakafu, akaangalia kitambaa cha kufutia vikombe, akageuka.

"Hapa hapana."

"Kwa nini?"

"Moyo umekataa."

Mkahawa wa pili moyo ulikataa tena. Wa tatu ulikubali, nao wakaletewa mayai, mkate wa moto na chai iliyokolea majani.

"Huo moyo wako una pua," Fundi alisema akimpakia siagi kwenye mkate.

"Miezi minne unatembea nami. Umewahi kuumwa tumbo?"

Fundi alifikiri, mkate mkononi. "Hata siku moja. Kumbe napendwa na daktari."

Tochi aliinama akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

Baadaye Fundi alimwonyesha jiji kwa namna yake. Alisema sura ya juu ya jiji kila mtu anaijua, ya chini anaijua yeye. Mbele ya maktaba kuu aligonga ngazi kwa kisigino: chini yake lipo bomba la tangu bibi yake mzaa mama ni mwari. Kwenye mzunguko wa barabara walisimama kando ya chemchemi ya maji iliyokauka miaka saba kabla hajaifungua mwenyewe na kukuta koo lake limezibwa na kofia.

"Kofia ya nani?"

"Mwenyewe hakujitokeza. Mtu mzima ataanzaje kudai kofia kama ile?"

Walivuka daraja la waenda kwa miguu juu ya reli, wakajaribu miwani ambayo hawakuinunua, wakala samaki wa kuchoma mahali moyo ulipopakubali mara moja. Saa kumi walipanda hadi juu ya jengo la ghorofa kumi na tano, ambako bawabu alimjua Fundi kwa sababu ya matangi. Kutoka pale jiji lilionekana limetulia. Mabati yalimeta, nguo zilipepea kwenye kamba, na magari yalikuwa madogo kiasi cha kusamehewa kelele zao. Fundi alimshika mkono.

Simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuongea juu ya kelele za sufuria.

"Wewe! Huyo binti yupo au ni wa kwenye simu tu?"

"Yupo hapa, mama."

"Mlete kesho baada ya ibada. Shangazi yako atakuwepo. Asile kwao, nitapika mwenyewe."

Tochi alijua kwamba mama yake Fundi ana mkahawa. Hakujua ni upi.

"Uko mtaa gani?"

"Usinimalizie utamu. Utaona kesho." Kisha Fundi akashusha sauti. "Na baada ya chakula nina neno, mbele ya mama."

Tochi alilijua neno hilo. Jioni, kabla ya kulala, alipiga magoti akasema, "Bwana, kesho kabla ya neno lake, nipe nafasi ya neno langu."

Nafasi ilikuja mapema kuliko alivyoiomba.

Jumapili walikunja kona nyuma ya posta, na Tochi akauona mlango wa buluu. Mlango ule aliwahi kuubandika karatasi nyekundu kwa mkono wake mwaka uliopita, na ukakaa umefungwa siku tisa, kwa sababu maji taka yalikuwa yakirudi chini ya meza ya kukatia nyama. Mtaa wote ule, mikahawa kumi na mmoja, ulikuwa chini yake, na Alhamisi alitakiwa kuukagua upya.

"Karibu kwetu," alisema Fundi, na kabla Tochi hajafungua kinywa, mama alikuwa amekwisha kumkumbatia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Shangazi, hebu mwone. Nilifikiri atatuletea mwenye kucha ndefu. Kaa, kaa hapa karibu na mimi."

Mama hakumtambua. Siku ile mkaguzi alivaa koti jeupe, kofia, na kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Sasa mbele yake alikaa binti mwenye gauni la zambarau na hereni ndogo, na mama alimletea sahani kwa mikono miwili: wali mweupe, samaki mzima, limau pembeni. Mvuke ulipanda. Shangazi alitabasamu. Fundi alijiweka sawa kitini, neno lake likiwa tayari ulimini.

Kijiko kimoja kingetosha. Hakuna aliyejua. Lakini mkaguzi haruhusiwi kula katika mkahawa anaoukagua, na Tochi aliapa hivyo mkono ukiwa juu ya kitabu kitakatifu. Alikiweka kijiko mezani taratibu.

"Mama, nisamehe. Siwezi kula."

Mama alinyoosha mkono akamgusa paji la uso.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Mimi ndiye afisa afya wa mtaa huu. Mimi ndiye niliyefunga hapa mwaka jana."

Mama aliinua kiganja akaziba nusu ya chini ya uso wa mgeni kwa mbali, kama anayepima. "Eh! Macho ni yale yale." Akashusha mkono. "Siku tisa, binti. Wateja wangu walipita na kusoma ile karatasi kwa sauti."

"Miezi minne, Tochi," alisema Fundi. "Ulisema mafaili."

"Nimekosa, Fundi. Niliogopa. Watu wakijua kazi yangu, ama wananikimbia ama wananitaka kwa hiyo kazi."

"Mimi ni watu?"



Fundi aliisogeza sahani karibu yake, akanong'ona, "Kijiko kimoja basi. Cha heshima tu. Mama amekaa jikoni tangu alfajiri. Mengine tutaongea njiani."

"Nikila leo, Alhamisi nitamkataza nani?" Tochi aliirudisha sahani katikati ya meza. "Kwa kukuficha naomba radhi, tena nitaomba kila siku. Kwa sahani hii siombi radhi. Mama, naheshimu mikono yako. Ningekuwa muongo mbele yako, hiyo ndiyo ingekuwa dharau."

"Mkwe anayekataa chakula!" Shangazi alipiga makofi mara moja. "Haya, tumeona mengi."

Tochi aliaga kwa adabu, akatoka. Fundi hakumfuata. Usiku hakupokea simu.

Jumatatu asubuhi Tochi alisimama mbele ya mkuu wake wa idara, mzee mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso.

"Mzee, naomba uniondolee mtaa wa nyuma ya posta."

"Mikahawa kumi na mmoja unaiacha? Umehongwa au umetishwa?"

"Nimependa. Mama yake ana mkahawa huko."

Mzee alishusha miwani ya juu ili amwone vizuri. Kisha akavuta fomu. "Kuna sehemu ya uhusiano. Visanduku vitatu: ndugu, mwenza, mchumba. Rafiki hamna, na ukiacha wazi hawaipokei. Kijana wa mwenye mkahawa amekuposa?"

"Alikuwa anaelekea huko."

"Na sasa?"

"Sasa hapokei simu."

"Binti yangu, nakala ya fomu hii hupelekwa kwa mwenye biashara. Sheria inataka ajue kwa nini mkaguzi amebadilishwa."

"Najua, mzee."

Aliinamisha kichwa kidogo. Mzee alifikiri anasoma, kumbe anasali. Kisha akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu, ya wino, iliyonyooka. Pembeni aliandika kwa herufi ndogo: *Kwa upande wangu. Upande wa pili utajibu wenyewe.*

Jumatano tarishi aliifikisha bahasha kwenye mlango wa buluu. Shangazi alitaka kuisoma. Mama akamnyang'anya. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni, baada ya kuwalea watoto wanne, na barua yenye jina lake hakumwachia mtu. Alifuta mikono, akavuta kiti dirishani, akapitisha kidole chini ya kila neno. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kisha akapiga simu.

Fundi alikuwa chali chini ya sinki la shule.

"Wewe mtoto, umeposa bila kuniambia?"

"Sijaposa mtu, mama."

"Basi serikali imekuposea. Nina barua hapa, ina muhuri. Binti ameuacha mtaa mzima, na ameandika kwamba ni mchumba wako kwa upande wake. Upande wako ujibu."

Fundi aliinuka ghafla, akagonga paji la uso kwenye bomba.

"Mama, si ulikasirika?"

"Nilikasirika, na bado sijamaliza. Lakini sikiliza. Mkaguzi aliyemtangulia yeye alikuwa anakula hapa sahani mbili na kuondoka na ya tatu. Maji taka akayaruka kama dimbwi la mvua. Huyu wako nilimpa samaki mzima, mkwe mtarajiwa, amepambwa, na hakuonja. Alikuficha kazi yake, tabia yake hakuificha. Sasa wewe unaposikia haya bado umelala chini ya sinki?"

"Nimeshatoka, mama."

"Mwanaume hajibu barua ya namna hii kwa kunyamaza."

Ofisini simu ya Tochi iliita. Alitazama jina, akaacha iite mara tatu ili moyo utulie. Haukutulia.

"Halo, mchumba," ilisema sauti.

Tochi alifunga faili lililokuwa mbele yake.

"Nimepata habari zangu kutoka serikalini. Nimeambiwa nina upande."

"Unao," alisema Tochi polepole. "Ulikuwa umenyamaza."

"Nilikuwa na aibu. Nilikuomba kijiko kimoja kwa ajili ya mama, kumbe ilikuwa kwa ajili yangu. Sikutaka shangazi aone nimeshindwa. Nisamehe, mpenzi."

"Nilikusamehe tangu Jumapili. Na mimi?"

"Wewe niambie lolote kuanzia leo, hata likiwa na harufu. Mimi harufu ni kazi yangu." Alivuta pumzi. "Tochi, utaolewa nami?"

"Fomu imeshajibu."

"Fomu haina sauti. Nataka nisikie."

Mkuu wa idara, kwenye meza ya pili, alikuwa ameacha kuandika.

"Nitaolewa nawe, Fundi," alisema Tochi kwa sauti ya kusikika mpaka korido, na mzee akavua miwani yake yote akapangusa macho.

Jumapili iliyofuata alirudi nyuma ya posta, mkaguzi mwingine akiwa ameshapita Alhamisi na kuridhika. Safari hii mama alimpokea bila kelele, akamshika bega kwa muda mrefu, akamkalisha. Samaki aliletwa, mkubwa kuliko wa kwanza. Wakashikana mikono ili mama aombe. Mama aliombea chakula, akaombea ndoa, akaombea idara nzima ya afya na mkuu wake, akaanza kuwaombea wajukuu mmoja mmoja, na samaki akawa anapoa. Fundi alifungua jicho moja. Aliona Tochi naye amefungua jicho moja, lakini halikuwa likimtazama yeye. Lilikuwa limeelekea mlango wa jikoni ulioachwa wazi kidogo.

"Amina," alisema mama bila kufumbua macho. "Na wewe mkwe wangu, acha kuchungulia jiko langu. Kula."

Akala.