Bibi Ameridhika

Majirani zangu, chumba cha fundi cherehani mlikipita kila siku mkienda bombani, kwa hiyo mnajua kilivyokuwa na amani. Asubuhi fundi alikanyaga cherehani yake karibu na dirisha, na mama mkwe wake, aliyepooza upande mmoja, alilala kitandani akimtazama. Mume wa fundi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani akija kama mgeni. Kiharusi kilimwachia bibi ulimi mzito. Maneno yake yalitoka yamevurugika, na mtaa mzima ni fundi peke yake aliyeyaelewa. Bibi akitamka kitu, fundi anacheka, sisi wengine tunabaki kutoa macho, hatujui tumesifiwa au tumesengenywa.

Siku moja kitu kikatumbukia katika chai ya bibi. Kilikuwa kipande cha zege, kidogo kama punje ya mahindi. Fundi akainua macho, akaona dari juu ya kitanda imevimba. Na juu ya dari hiyo kuna ghorofa nzima, watu na vitanda vyao na mapipa yao ya maji.

Alimwendea mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Mzee Tutaona. Akamjibu jibu lake la siku zote: "Tutaona." Hakuja hata kuchungulia.

Kitanda hakikuwa na pengine pa kwenda, maana upande wa pili ulijaa cherehani, jiko na mlango. Fundi akatundika shuka juu ya kitanda, akalifunga pembe zote ili lipokee vumbi. Kila akilikung'uta, lilikuwa zito kuliko jana.

Ndipo zikaja habari kwamba serikali inafikiria kutoa ruzuku ili zijengwe nyumba za bei nafuu, ila inataka kwanza maoni ya wananchi. Mtaa ukachemka. Mwenye duka alisema waziwazi, "Kodi yangu ikamjengee mtu mwingine kwa nini?" Simlaumu, alisema alichokiamini. Wengine wengi walizitaka nyumba hizo, lakini walinong'ona tu, kwa sababu Mzee Tutaona alikuwa amepita kila mlango akisema kwa upole, "Anayetaka nyumba za serikali asisubiri zijengwe. Afungashe leo."

Binti wa kukusanya maoni alipofika, Mzee akajitolea kumwonyesha njia, utadhani uchochoro wetu ni msitu. Akasimama mlangoni kwa fundi, funguo mkononi.

"Dada, shuka hilo la nini?" binti aliuliza.

"La mbu," fundi alijibu.

"Unaunga mkono serikali itoe ruzuku ya nyumba? Ungepata nafasi, ungehama hapa?"

"Sisi hatuna shida. Tumeridhika."

Binti alikuwa na adabu, akamgeukia na mgonjwa. "Na wewe, bibi, unasemaje?"

Bibi alijikaza. Akatamka maneno machache, taratibu, jasho likimtoka. Binti akamtazama fundi. "Anasemaje?"

Fundi alitazama mlangoni, kisha chini. "Anasema ameridhika."

Walipoondoka, bibi alinung'unika kitu kimoja tu. Fundi akalia. "Mama, tukifukuzwa nitakubeba nikupeleke wapi?"

Kuanzia hapo hofu ilihamia chumbani mle. Fundi alipiga pasi huku sikio liko darini. Mtu akiburuta kiti huko juu, aliacha pasi akatazama shuka. Wateja walipomsemesha, alijibu mambo ambayo hawakuuliza. Na bibi, ambaye zamani hakuishiwa maneno, sasa alinyamaza akilikodolea macho shuka.

Baadaye tuliitwa mkutanoni tukaambiwa kwamba mtaa wetu umeridhika, hivyo ujenzi utaanzia kwingine. Hata waliozitaka nyumba hizo walipiga makofi.

Dari ilianguka mchana, watu wa ghorofani wakiwa kazini. Fundi alikuwa ametoka mlangoni kumpima mteja mabega. Tulisikia kishindo, kisha vumbi likatoka mlangoni kama limesukumwa. Alitaka kurudi ndani, ikabidi wanaume wamshike. Tulipofukua na kumfikia bibi, hakuwa na pumzi.

Maofisa walikuja, na Mzee Tutaona alikuwa amejiandaa. "Hawa hawakuwahi kulalamika," alisema. "Hata marehemu mwenyewe aliulizwa, akasema ameridhika. Muulizeni mkwewe."

Wote tukamgeukia fundi. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu Mzee alikuwa amesimama palepale na bado alimwogopa.

"Mama alisema anaogopa. Alisema, nitoeni hapa. Mimi ndiye niliyesema ameridhika."

Tunachojifunza

Ndugu zangu, ruzuku ya nyumba ni jambo la kujadiliwa. Anayeikataa aikatae na anayeitaka aitake, ilimradi iwe kauli yake. Jibu lililotolewa mbele ya mtu anayeweza kukufukuza ni hofu, na serikali ikipanga kwa hofu zetu itatujengea pasipotakiwa. Anayekusanya maoni asiongozane na mwenye nyumba. Na wewe unayemsemea mgonjwa, mzee au mtoto, fikisha maneno yake yalivyo, hata kama yanakutia matatani. Bibi alitoa maoni yake kwa shida kuliko sisi sote, na hayakufika popote.