Kilichoota Kwenye Nyongo ya Mama

Sahani ilinukia waridi.

Mtaalamu wa maabara alibaki na kifuniko cha sahani ya kuoteshea bakteria mkononi. Bakteria wa nyongo hunuka uvundo, si marashi. Na nyongo hii ilikuwa ya mama yake mzazi, aliyelala wodini akiungua homa tangu apasuliwe, huku madaktari wakisubiri kuambiwa dawa itakayomfaa.

"Mzee Darubini, hebu nusa hii."

Mwenzake, mkongwe aliyewahi kutambua bakteria kwa pua ingawa ilikatazwa, akacheka. "Pua yangu ilistaafu zamani. Lete nione." Akainama. "Mama ni mtu mzima, si ajabu. Nyongo za vijana mara nyingi hazioti kitu. Za bibi zetu ndizo..."

Kicheko kikamkatika. Vidonge vya dawa vilivyopangwa kwenye sahani kupima ipi itawaua bakteria vilikuwa vimemezwa vyote, hakuna hata kimoja kilichoua kitu, na utando uliovifunika ulikuwa ukipanda na kushuka, kama kifua.

"Usikinuse, binti yangu," alinong'ona. "Ngoja nimwite mkuu."

Mlango ulipofungwa, feni ikasimama, na katika mchana ule mweupe, kati ya chupa alizoziosha mwenyewe, binti akasikia sauti nyembamba ikitoka kwenye sahani, sauti ya mtu asiye na haraka.

"Wanaume nawapitia tu. Nyumba yangu ni mwanamke, nami hukomaa naye. Huyu nimemmaliza. Nivute puani mwako, nimwache."

"Ukimwacha atapona?"

"Leo hii."

Aliwaza uso wa mama ulivyokuwa asubuhi, ngozi juu ya mfupa, akawaza vile vidonge, akajua hakuna dawa atakayoipeleka wodini, akainamisha kichwa, akavuta, na waridi likashuka kooni, likapita kifuani, likatulia chini ya mbavu za kulia, likawa chungu.

Wodini alimkuta mama ameketi kitandani, amelowa jasho, macho maangavu.

"Homa imekwisha, mwanangu! Nasikia njaa, mwenzio."

Binti akamkumbatia akilia. Mama akacheka, akampapasa mgongo. Kisha mkono ukaganda.

"Unanukia nini?"

"Mama, si umepona? Hilo ndilo..."

"Umempokea?" Mama alimsukuma polepole amtazame usoni. "Bibi yako alipokufa, nilimpokea mimi. Nikamfungia humu nyongoni miaka yote. Nilitaka nife naye, mwanangu, asikufikie wewe."